Shairi Lingojalo Jibu

Miongoni mwa ada za Waswahili ambazo sisi wenyewe, kwa kuzizoea mno, aghalabu hatuzitaji, ni hii ya kwamba mtu akisha kutunga shairi na kulitoa mbele ya wenziwe, hangoji sana kusifiwa, bali hungoja kujibiwa. Na jibu lenyewe halitazamiwi kuja kwa maneno ya "hongera" na "heko" peke yake, ingawa hayo nayo husemwa na yana raha yake, bali latazamiwa kuja kwa beti, zenye vina vile vile na mizani ile ile aliyoichagua mwanzishi, hata yule ajibuye, awe anakubaliana naye au anampinga, awe amemtukuza kwanza kwa kule kuifuata njia yake. Shairi lisilojibiwa ni mfano wa salamu isiyoitikiwa: mtoaji hubaki akijiuliza kama hakusikika, au kama amesikika na kudharauliwa.

Watu ninaotaka kuwanena hapa si mabingwa ambao diwani zao zimo maktabani, bali ni washairi wa ridhaa, yaani wale wanaotunga kwa mapenzi na ambao tungo zao haziwaletei hata nauli ya daladala: walimu wa shule za msingi, wauguzi, mafundi cherehani, madereva wa malori ya masafa marefu, makarani waliostaafu, na akina mama wauzao vitenge, ambao jioni, baada ya shughuli za mchana kwisha, huzishika simu zao na kukutana katika makundi ya WhatsApp yenye majina ya fahari, wakaanza kulumbana. Wamo walioko Tanga na Mombasa, wamo wa Kigoma na Bujumbura, na wamo walioishi Maskati miaka mingi na ambao hawakuacha kuhesabu mizani kwa vidole. Walakini nisingependa msomaji adhani kuwa kati ya watu hao na mabingwa pana ukuta mrefu. Muyaka wa Mombasa alikuwa mtu wa biashara. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, ambaye wengi humjua kwa jina la Ustadh Mau, amekuwa imamu na pia mtu wa tanuri la mikate. Ushairi wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa ya historia yake, umelelewa na watu wenye kazi nyingine.

Sasa, ili jambo hili lisibaki kuwa la maelezo matupu, natoa mfano, na mfano huu nimeutunga mimi mwenyewe ili nisimtangaze mtu ambaye hakuniruhusu kumtangaza. Ila aliyepata kukaa na watu hawa atakiri kwamba ndivyo yanavyokwenda. Tuseme kijana mmoja, fundi wa kushona nguo, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutunga, analeta swali lake mbele ya malenga kwa ubeti huu:

Malenga nauliza, nijibuni kwa yakini,
Jambo linaloniliza, likanitia shakani,
Mkopaji hupendeza, ya kulipa hayaneni,
Kukopa na kukopesha, lipi zito duniani?

Msomaji mwenye sikio lililozoea atakuwa amekwisha kujikwaa mahali pamoja. Shairi la namna hii, la mishororo minne, liitwalo tarbia, hutakiwa liwe na mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane katika kipande cha kwanza, kiitwacho ukwapi, na nane katika cha pili, kiitwacho utao. Na vina vyake hapa ni "za" kwa ukwapi na "ni" kwa utao, ila mshororo wa mwisho, ambao ndio kituo, umeachiwa uhuru kidogo. Tukihesabu ukwapi wa mshororo wa kwanza, yaani ma-le-nga-na-u-li-za, twapata mizani saba tu. Fundi ameshona, lakini pindo moja limepungua.

Je, wenziwe watamfanyeje? Hapa ndipo adabu ya watu hawa inapojulikana. Mjinga atamkosoa hadharani, mbele ya watu mia mbili, na kijana ataona haya asiandike tena. Mvivu atampigia makofi na kumwacha na kasoro yake, hata aizoee na kuihesabu kuwa ni mtindo wake. Mzee mwenye hekima hafanyi lolote katika hayo mawili. Humwandikia faraghani, "Mwanangu, swali lako ni zuri, nami nitalijibu, lakini kwanza utazame ukwapi wa mshororo wa kwanza, umepungua mizani moja," naye kijana hujibu, "Shikamoo mzee, nimeuona, ahsante," akarudi na "Malenga nawauliza", ambayo ni nane kamili, na pia yawataja wale anaowauliza, hivi kwamba marekebisho ya hesabu yameleta na marekebisho ya maana. Baada ya hayo ndipo mzee hujitokeza mbele ya watu na jawabu lake:

Swali nimelisikiza, mshonaji wa mjini,
Kukopesha ni kukuza, udugu ulo moyoni,
Bali kukopa huviza, ulimi ukawa duni,
Kukopa nakuambia, ndilo zito duniani.

Tazama alivyofanya. Amevitwaa vina vya "za" na "ni" vya kijana kama vilivyo, hakubadili hata kimoja. Amelitwaa swali la kituo na kuligeuza kuwa jawabu. Na amemtaja kijana kwa kazi yake, mshonaji wa mjini, jambo ambalo kwa mtu anayeanza ni tuzo kubwa kuliko maneno yote ya sifa, maana limemwingiza katika shairi la mtu mzima. Yamkini usiku huo huo, bibi mmoja mfanyabiashara aliye mbali, ambaye amekopesha watu vitenge na kuzungushwa mpaka akachoka, asiridhike na fatwa ya mzee:

Shikamoo nakujuza, japo mimi ni mgeni,
Mkopeshaji huuza, usuhuba kwa thumuni,
Na mwisho hujiumiza, akidai hadharani,
Kukopesha nasimama, ndilo zito duniani.

Amempinga mzee waziwazi, na wala hakumvunjia heshima, kwa sababu ameanza na shikamoo, na kwa sababu vina vyenyewe ni vya mzee na vya fundi. Mtu akichukua taabu ya kutafuta maneno ya kumalizikia mahali ulipomalizikia wewe, huwezi kumwambia kwamba hakukusikiliza. Kwa mtindo huu watu watatu wasiopata kuonana wamefundishana hesabu ya silabi, wamehojiana juu ya fedha na urafiki, na kila mmoja ametoka na ubeti wake.

Naongeza neno moja juu ya hesabu hiyo, kwa ajili ya anayeanza, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi. "Mtu" ni mizani mbili, kwa sababu m yake husimama peke yake, na "mwana" pia ni mbili, kwa sababu m yake imeungana na w na irabu inayofuata. "Mshonaji" ni nne, wala si tatu. Mtu akitunga kwa jicho tu, bila kuyatamka maneno kwa sauti, hakosi kupotea hapo, nami nimeona hata watu wenye shahada zao wakipotea, ilhali mvuvi asiyejua kuandika vizuri hapotei kamwe, maana yeye huhesabu kwa sikio.

Ada hii ya kujibizana si ya jana. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata 1840, aliishi Mombasa katika zama ambazo Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji huo walikuwa wakivutana na Lamu, na baadaye na Seyyid Said wa Unguja. Na katika kuvutana huko, kabla ya vita vya Shela vya yapata mwaka 1812 na baada yake, mashairi yalikuwa yakivuka bahari pamoja na majahazi, ya Mombasa yakajibiwa Lamu na ya Lamu yakajibiwa Mombasa, na miongoni mwa waliokuwa wakilumbana naye kutoka upande wa pili ni Bwana Zahidi Mgumi, ambaye alikuwa mshairi na kiongozi wa watu wake. Maneno yalikuwa makali, tena ya vitisho. Lakini hata vitisho vilifungwa ndani ya mizani. Na huyo huyo Muyaka, alipokuwa haneni siasa, alitunga juu ya mapenzi, na dhiki, na mambo ya nyumbani, tungo ambazo watu walizihifadhi kwa ghibu miongo kadhaa baada ya kifo chake, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari William Taylor wakazikusanya Mombasa katika karne ile ile, William Hichens akazitoa diwani mwaka 1940, na Profesa Mohamed Abdulaziz akazifanyia uchunguzi wa kina katika kitabu chake cha mwaka 1979. Asomaye diwani hiyo leo, na hasa akiwa msomaji asiyeletewa maelezo, hukutana mara kwa mara na beti ambazo ni nusu ya mazungumzo: hasira yaonekana, jibu laonekana, ila aliyejibiwa hayupo. Kwangu mimi hilo ni dalili tosha kwamba mashairi hayo hayakutungwa ili yasomwe na mtu aliyejitenga chumbani.

Bara nako, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lilitokea jukwaa jingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliwapa washairi kurasa, na humo ndimo jina la Shaaban Robert lilimozoewa na wengi kabla hajawa na vitabu. Na mpaka kufikia wakati wa Uhuru, magazeti mengine kama Mwafrika na Ngurumo, na upande wa Kenya Taifa Leo, yalikuwa yakipokea bahasha za tungo kutoka kila wilaya. Ubeti wa kwanza humwomba mhariri nafasi. Ubeti wa mwisho hutaja jina la mtunzi, mji wake, na pengine hata sanduku lake la posta. Na katikati mna swali: elimu na mali kipi bora, mke na mama nani wa kutangulizwa, kwa nini jogoo huwika na kuku hawiki. Mtu wa Ujiji humjibu mtu wa Tanga, mtu wa Tanga hujibiwa na mtu wa Lindi, wiki zikapita, miezi ikapita, hata mhariri akachoka na kutangaza kwamba mjadala umefungwa, na hapo huzuka mwingine wa kuulalamikia huo uamuzi wa mhariri, kwa beti vile vile.

Mhariri alikuwa kadhi. Shairi lililopungua mizani lilitupwa, au lilirekebishwa bila mwenyewe kuambiwa, na mtunzi aliyeona utungo wake umetoka na neno asilolijua alijifunza kwa uchungu kidogo. Kanuni zenyewe zilikuwa zikipokewa kwa mdomo, hadi Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, yule aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri, alipozikusanya katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Wapo wanaokilaumu kitabu hicho kwa ukali wake. Mimi sikilaumu sana, maana kilimpa kijana wa Bukoba au wa Songea, asiyekuwa na baba wala mjomba malenga wa kumketisha barazani, njia ya kuingia katika majibizano akiwa na silaha sawa na mtoto wa Mombasa. Na matunda yake yalionekana, kwani haukupita muda mrefu kabla watu wa bara hawajawa na sauti yao, mmoja wao akiwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtunzi asiyechoka.

Kuhusu Mnyampala nina neno, na wanaomheshimu kama ninavyomheshimu wanisamehe. Ndiye aliyeupa nguvu utungo wa ngonjera, ambamo watu wawili au zaidi husimama jukwaani na kujibizana kwa beti, na vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilivyotoka mwaka 1970 na 1971, baada ya yeye mwenyewe kwisha kufariki, vilienea mashuleni na kutumika kulieneza Azimio la Arusha. Ni tungo zenye fasaha. Lakini katika ngonjera ya shuleni mshinde hujulikana kabla ya mchezo kuanza: mmoja ni mjinga, mwingine ni mjuzi, na beti zikifika kiasi mjinga hukiri na kushukuru. Kizazi kizima cha wanafunzi kikakaririshwa pande zote mbili za mjadala ambao haukuwa mjadala. Raha ya majibizano ya kweli ni kwamba anayeanza hajui atajibiwa nini, na pengine yule mjinga ndiye mwenye ubeti mzuri zaidi.

Kinyume cha hayo ni habari ya Abdilatif Abdalla. Kijana huyo wa Mombasa alifungwa na serikali ya Kenya miaka mitatu, tangu mwaka 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake ulioitwa Kenya: Twendapi?, na humo gerezani, akiwa ametengwa na watu, aliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni mashairi yaliyokuja kutolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo, liitwalo Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombania mnazi, kila mmoja akileta hoja yake na mwenziwe akimjibu. Sina budi kustaajabu kila nilikumbukapo jambo hilo: mtu aliyenyimwa wenzake wa kulumbana nao alilazimika kuwa wote wawili, akajiuliza na kujijibu, na tena bila kumpunja yeyote kati ya ndugu hao hoja zake.

Gazeti, pamoja na fadhili zake zote, lilikuwa na upungufu mmoja, nao ni ububu. Shairi la Kiswahili ni la kughanwa. Lina mahadhi, na mahadhi hayo hayapigwi chapa. Katika visiwa vya Lamu watu hawakukubali kabisa kulipoteza hilo, na zilipoingia kanda za kaseti walizitumia kwa bidii: utendi wa Ustadh Mau uitwao Wasiya wa Mabanati, alioutunga mwaka 1974 kwa kuwausia mabinti, ulienea zaidi kwa kanda na sauti ya mghani kuliko kwa maandishi, na katika miaka hiyo hiyo, 1974 na 1975, uchaguzi wa bunge huko ulizaa malumbano ya mashairi yajulikanayo kwa jina la Kimondo, ambamo pande mbili zilipigana mafumbo hata mji mzima ukawa unangoja ubeti wa upande wa pili. Simu ya leo, ambayo watu hupenda kuishutumu, imelirudisha jambo hili mahali pake, kwani mshairi hatumi maandishi tu, bali hutuma na sauti yake akighani, na mwenziwe humjibu kwa mahadhi yale yale. Nami nimewasikia watu wa bara, waliojifunza ushairi wao gazetini na kuudhania kuwa ni kitu cha kusomwa kimya, wakijaribu mahadhi ya pwani kwa sauti za kusitasita, na mtu wa Mombasa akiwatumia ya kwake polepole, mshororo kwa mshororo, wapate kuyashika.

Si kwamba simu haina madhara. Barua ya gazetini ilichukua wiki mbili au tatu kufika na kutoka, na katika wiki hizo mtunzi alilala na ubeti wake, akauamkia, akaubadili neno; sasa jibu hutakiwa kabla chai haijapoa, na anayechelewa hukuta mazungumzo yamekwisha kuhamia kwenye mpira. Ndiyo maana twaona vina vya kulazimisha, maneno yaliyokatwa mkia ili yatoshe, na zile "lo" na "yo" za kale, kama "ulo" badala ya "ulio", zikitumiwa na mtu asiyejua kanuni zake, mradi tu mizani itimie. Madhara ya pili ni makubwa kuliko hayo, nayo ni sifa za rejareja. Kijana hutuma utungo, watu thelathini humrushia picha za makofi na maua, hakuna hata mmoja aliyeusoma hadi ubeti wa mwisho, na hakuna aliyejibu. Huko si kumtia shime. Anayemtakia mema humjibu hata kwa ubeti mmoja, na akikosa ubeti humwuliza swali juu ya neno fulani, kwa nini ulichagua hili usichague lile, ili kijana ajue kwamba liko sikio lililofika mpaka mstari wa tisa. Makundi yaliyo bora niliyopata kuyajua yana mlezi, mtu mzima mwenye subira, ambaye huleta swali kila juma, hutoa siku kadhaa za kutunga kabla ya kuruhusu jibu lolote litumwe, na humchagua anayeanza, si bingwa, kuwa mfunguzi. Kule kungojesha kwa makusudi, ambako vijana mwanzoni hukuona kuwa ni usumbufu wa wazee, ndiko kunakoleta beti zinazokumbukwa.

Faida nyingine ambayo sikuitarajia ni ya wanawake. Si kwamba hawakuwa wakitunga; Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, hauna haja ya utambulisho, na tenzi za Zaynab Himid Mohamed wa Unguja zilitolewa kitabuni mwaka 1983 kwa jina la Howani Mwana Howani. Lakini majibizano ya hadharani, ya kumtaja mtu na kumkabili, yalikuwa kwa wingi ni ya wanaume, katika baraza na katika kurasa za magazeti, na mwanamke aliyeingia humo aghalabu aliingia kwa jina la kubuni. Leo mama wa nyumbani hujibu akiwa jikoni, kwa jina lake au kwa lakabu aipendayo, na wazee ambao zamani wasingemsikia humjibu kwa taadhima, kwa sababu ameshika vina vyao na hawana pa kukimbilia. Nimeona mijadala ya mahari na ya ukewenza ikigeuka kabisa sura yake baada ya wahusika wenyewe kuingia kati.

Limebaki suala moja ambalo halijapata ufumbuzi, na sidhani kwamba litaupata karibuni. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi watoe Malenga wa Bara miaka miwili baadaye, mashairi yasiyofuata vina na mizani yamekuwa na haki ya kuishi miongoni mwetu, na ugomvi uliozuka wakati ule juu ya mashairi hayo, ambao ulipiganwa kwa makala na kwa beti, umepoa. Vijana wengi waingiao katika makundi haya huja na tungo za namna hiyo, nyingine nzuri sana, nao hushangaa kwamba wazee huzisifu kisha wakanyamaza. Vijana hudhani ni ukaidi. Mara nyingine ni ukaidi kweli. Lakini nimemsikia mzee mmoja akisema kwa unyofu kwamba hajui ajibu kwa kitu gani, maana shairi lile halikumwachia kina cha kukishika wala kituo cha kukigeuza, na kumjibu kijana kwa tarbia ya mizani kumi na sita kungekuwa ni kumsema badala ya kumjibu. Vijana wenyewe wameanza kutafuta njia: mmoja hutwaa mstari wa mwisho wa mwenziwe na kuufanya wa kwanza wake, mwingine hutwaa kitu kimoja kilichotajwa, mlango au kiatu, na kukisemesha kutoka upande wa pili, na wapo waliokubaliana idadi ya mistari tu, basi. Wazee wanatazama. Mmoja wao, ambaye namjua kuwa hajapata kuandika mstari usio na mizani maisha yake yote, juzi aliomba aelezwe upya ile kanuni ya mstari wa mwisho kuwa wa kwanza, akauliza kama inaruhusiwa kuifuata na vina vikabaki pale pale.